Nyapara Aliyeifuta Eda

Sefania akikupigia simu kabla hujamaliza chai, ujue ama amekufa mtu ama umekufa mzani. Jumanne ile haikuwa hili wala lile.

"Hamza, Bi Zainabu amekukosea nini?"

"Habari za asubuhi kwanza, Sefania."

"Habari nimezibandika mlangoni. Orodha ya lori la Alhamisi imetoka na jina lake halimo. Watu wameisoma mara mbili. Mara ya pili wameisoma kwa sauti."

Nikaweka kikombe chini.

Sefania ni karani wetu wa Mtae, na mzani ni wake. Mimi nakaa ofisi ya Lushoto mjini, nalinda kompyuta za umoja wetu wa wakulima wa matunda na mboga. Umoja wenyewe ulizaliwa na soko huria. Serikali iliposema kila mtu auze anakotaka kwa anayemtaka, tulifurahi kama wiki mbili hivi. Kisha wanunuzi wa Dar wakaanza kupanda milima, wanaingia nyumba moja moja, na kila mtu akalaliwa nyumbani kwake kwa nafasi yake. Ndipo tukasema basi, tuwe na lori moja na zamu zinazoeleweka. Mtae ni mbali na njia yake inaujua mgongo wangu, kwa hiyo lori linafika huko mara moja kwa wiki, Alhamisi.

Sheria za zamu ni mbili tu. Ya kwanza, mwenye mzigo asimame mwenyewe mzanini, aweke sahihi. Hii tuliletewa na mashemeji. Zamani mwanamke akifiwa na mume, wiki ya pili shemeji anampelekea mzigo, wiki ya tatu anajichukulia na kadi yake ya uanachama. Sheria ya pili, msimu wa zao ukiisha na mwanachama hajapakia hata tenga moja, kadi yake inapita kwa ndugu wa karibu.

Sasa mjane aliye kwenye eda hatoki kwenda kusimama mzanini na wanaume wa matenga. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa na kanuni yake: zamu za mjane zinawekwa pembeni, na lori la kwanza baada ya eda, jina lake linakaa juu kabisa.

Eda ya Bi Zainabu ilikuwa inaisha Jumatano. Lori la Alhamisi lilikuwa la mwisho kwa msimu wa plamu. Miti yake ilikuwa imeiva mpaka ndege wameanza kuchagua. Na shemeji yake, Rashidi, alishachukua fomu ya kuhamisha kadi, akanunua na kalamu mpya, ile ya kubonyeza. Sefania aliniambia Rashidi anaibonyeza hata akiwa anasalimia watu.

"Orodha inafungwa kesho saa sita mchana," Sefania akasema. "Baada ya hapo hata malaika hapakii."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya Lushoto au ya Mtae?"

Nikafungua kompyuta ya Mtae kutoka hapa kwangu. Nitaeleza kwa ufupi, na anayejua anisamehe. Databesi si kabati la majina tu. Unaweza kuifundisha kanuni, ikazifuata yenyewe, na kanuni hizo zinaandikwa kwa lugha mbalimbali. Lugha isipoingizwa kwanza, kanuni zake hazieleweki. Ni kama mkutano wetu wa hadhara hapa milimani. Mmoja anasema Kishambaa, mwingine Kimbugu, mwenyekiti anajitahidi na Kiswahili. Ukimfukuza mkalimani wa Kimbugu, hotuba zote za Kimbugu zimeondoka naye.

Nikatafuta kanuni ya eda. Haikuwepo. Si kwamba imeharibika; mahali pake palikuwa peupe kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

Nikasema: umeme. Umeme wetu ni mtu wa kubeba lawama, hajawahi kukataa hata moja.

Nikakaa nikaandika kanuni mpya kwa lugha niliyoizoea. Eda ni miezi minne na siku kumi. Mara nne thelathini, mia na ishirini, ongeza kumi, mia na thelathini. Nikaipa tarehe aliyofariki mumewe, nikabonyeza, nikaegemea kiti. Kompyuta ikajibu kwamba Bi Zainabu anatoka eda Ijumaa, apangiwe lori la Alhamisi ya wiki ijayo. Kwamba plamu hazina lori wiki ijayo, hilo sikulitazama.

Nikampigia Sefania nikamwambia kwa sauti ya ofisi: "Tatizo limetatuliwa. Anatoka Ijumaa."

"Ijumaa?"

"Kompyuta imesema."

"Haya," akasema Sefania. "Nakwenda kumwambia. Ukisikia kelele, ni mimi."

Haikupita robo saa simu ikaita tena, namba siijui.

"Hamza?"

Sauti ya mwanamke mtu mzima. Nikajua. "Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba mwanangu. Wewe si mtoto wa Maalim Idi wa Mlalo?"

"Ndiye mimi."

"Aliyenifundisha mimi kusoma?"

"Ndiye huyo."

"Basi leo kageuka upande kaburini." Akakohoa kidogo. "Sefania kasimama barabarani huko anapiga kelele, maana ndani hawezi kuingia. Anasema kompyuta yako imenipangia kutoka eda Ijumaa. Hebu niambie, hiyo kompyuta imefiwa mara ngapi?"

"Bi Zainabu, ni hesabu tu. Miezi minne na siku kumi, siku mia na thelathini..."

"Miezi ya nani? Ya benki?"

Nikageuka nikaitazama kalenda ya ukutani.

"Mume wangu alifariki mwezi mosi Mfungo Pili, mwezi umeandama jioni iliyotangulia. Nina makopo matano hapa chini ya kitanda. Kila asubuhi nikishaswali natia punje moja ya harage. Mwezi ukiandama nabadilisha kopo. La kwanza lina ishirini na tisa. La pili thelathini. La tatu ishirini na tisa. La nne thelathini. La tano tangu asubuhi lina tisa. Kesho zitakuwa kumi, na jua likizama natoka. Hizo siku mbili zako za ziada nimkalie nani? Una marehemu mwingine?"

"Hapana, Bi Zainabu."

"Plamu zinaanguka, Hamza. Nazisikia nikiwa kitandani. Tap. Tap. Na Rashidi kapita asubuhi hii kuniuliza herufi za jina langu."

Alipokata simu nilikaa nikitazama ile mia na thelathini yangu. Mtoto wa maalim nimehesabu eda kwa kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya trekta.

Nikampigia Klara.

Klara ndiye aliyeshika kazi hii kabla yangu. Msichana wa huku kwetu, amesoma Kifungilo kwa masista, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima mpaka mwisho. Sasa ameolewa Moshi na ana ofisi yenye zulia. Kanuni ya eda ni yeye aliyeiandika, na mimi nilivyoirithi sikuwahi hata kuifungua ndani.

"Shemeji Hamza!" akasema. Ananiita shemeji kwa sababu mke wangu Shamsa na yeye wameitana dada tangu wakiwa wadogo. "Umeharibu nini?"

"Kwa nini unadhani nimeharibu?"

"Siku za mavuno hunipigii bure."

Nikamweleza. Akacheka mpaka nikasikia mtu huko kwao anauliza kuna nini.

"Kanuni yangu haihesabu siku, shemeji. Inasoma mwezi."

"Kompyuta isome mwezi?"

"Muulize Sefania."

Hilo nalo sikulijua, na nimefanya kazi na Sefania miaka mitatu. Mtae iko juu ya ukingo. Ukisimama nyuma ya ofisi, nyanda zote za Mkomazi ziko chini ya miguu yako, jua linazama upande wa Upare na hakuna kitu kati yako na mbingu. Kila mwisho wa mwezi Sefania, Mlutheri wa kwaya, alikuwa akitoka kusimama pale pamoja na mwadhini. Wakiuona mwezi, anaingia ndani anaandika tarehe kwenye faili dogo. Nilipomuuliza alisema: "Tukikubaliana naandika. Tusipokubaliana nafuata alichosema yeye. Mwezi ni wake."

Na ndiyo sababu Klara alitumia lugha inayoitwa Perl. Lugha nyingine za databesi zimefungiwa ndani kama mwali. Hazitoki kwenda kusoma faili la nje. Perl ya aina ile inatoka. Wenyewe wanaiita lugha isiyoaminika, si kwa tusi, ni kwa sababu inayotoka nje inaweza kurudi na lolote.

"Jirani yetu alipofiwa," Klara akasema, "walimruka zamu nne. Mama yangu akaniambia, wewe na kompyuta yako hamna hata aibu? Nikaandika. Nakutumia nakala sasa hivi."

Nakala ikaja. Nilipotaka kuiweka, kompyuta ikasema lugha yenyewe ya Perl haipo. Hapo mtu mwenye akili angestuka. Mimi jicho langu linaona mbu kwenye ukuta wa jirani, wa kwangu nimemkalia. Nikaingiza lugha kwa mkono, nikaweka kanuni kwa mkono, nikafuta ile ya kwangu ya trekta, nikabonyeza. Jina likapanda juu: Zainabu, Alhamisi, nafasi ya kwanza. Nikampigia Sefania aandike upya orodha ya mlangoni. Nikaenda nyumbani nikala ugali wa watu wawili.

Jumatano asubuhi, kabla ya chai:

"Hamza, sasa huu ni mchezo?"

"Nini tena?"

"Orodha ya leo imetoka. Bi Zainabu kaondoka tena. Rashidi yuko hapa mlangoni, anabonyeza."

Kwa nyuma nikaisikia kabisa. Tik. Tik. Tik.

Nilikwenda ofisini mbio, na mwili wangu si wa mbio. Nikafungua. Kanuni hakuna. Lugha hakuna. Peupe.

"Sefania, umegusa kitu?"

"Mimi hata kile kipanya chenu nakishika kwa kitambaa."

"Aliingia mtu?"

"Ufunguo uko shingoni kwangu pamoja na msalaba. Aingie nani?"

Nikaanza kufikiria mambo ya ajabu. Nikamfikiria Rashidi, lakini Rashidi hata redio huwashiwa na mkewe. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nikampigia Klara, safari hii sikusalimia.

"Imeondoka tena," nikasema. "Nimeiweka jana kwa mikono yangu, leo haipo."

"Ilikuwepo mpaka saa ngapi?"

"Jana naondoka saa kumi na moja jioni ipo. Sefania kafungua saa moja asubuhi haipo."

"Na nani hupita hapo kila alfajiri?"

Nikataka kusema hakuna. Kisha nikahisi masikio yanapata joto.

"Nyapara," nikasema.

Nyapara ni jina tulilompa sisi wenyewe. Tuna ofisi tatu, Lushoto, Gare na Mtae, na kila moja ina databesi yake, kwa sababu ukungu ukishuka mtandao nao unajifunika. Kuziweka sawa zote tatu kwa mkono ni kazi ya kupanda na kushuka mpaka magoti yaandike barua ya kuacha kazi. Kwa hiyo Klara alituwekea programu inayojiendesha. Wewe unaandika karatasi moja tu: hiki kiwepo, kile kisiwepo. Kila siku saa kumi na moja alfajiri inazungukia kompyuta zote, karatasi mkononi. Kilichoandikwa kiwepo na hakipo, inakiweka. Kilichoandikwa kisiwepo na kipo, inakitoa. Haiulizi, haina kinyongo, haisikii hadithi yako. Kama wanyapara wa mashamba ya mkonge kule chini Korogwe, ila huyu halewi.

"Na Nyapara anasoma karatasi ya nani, shemeji?" Klara akauliza, taratibu kabisa, kama sista anayemuuliza mtoto sukari imekwenda wapi.

Nikaifungua karatasi. Mstari wa mwisho, na chini yake herufi za jina langu: *Lugha ya Perl isiyoaminika: isiwepo. Kompyuta zote. Na vyote vinavyoitegemea viende nayo.*

Nikakumbuka. Kabla ya mwaka kuisha nilikwenda semina Tanga, siku mbili, soda na karanga. Tukaambiwa lugha zisizoaminika ni hatari, ziondoeni. Nikarudi na bidii ya mtu aliyepewa cheti. Nikajaribu kuitoa, databesi ikanikatalia, ikasema kuna kanuni zinategemea lugha hii. Ilinionya, maskini. Mimi nikaongeza yale maneno ya mwisho, viende nayo, nikazima taa nikaenda zangu. Wiki zile zote hakuna aliyeona, maana Bi Zainabu kutokuwepo kwenye orodha lilikuwa jambo la kawaida; alikuwa ndani.

"Klara," nikasema, "Mkatoliki kaiandika eda. Mlutheri anaiangalizia mwezi. Mtoto wa maalim kaifuta."

"Na akamwajiri nyapara aifute kila siku," akasema Klara. "Shemeji, ukirekebisha kwa mkono unapanda mchana anang'oa alfajiri. Rekebisha karatasi."

Nikaufuta mstari ule wote. Nikaandika: *Lugha ya Perl: iwepo, Mtae tu, na asiiguse mtu ila msimamizi.* Chini yake nikaiweka kanuni ya Klara yenyewe, nzima, ili siku ikipotea Nyapara huyo huyo airudishe. Juu nikaweka maelezo kwa Kiswahili cha nyumbani: *Hii ni eda ya mjane. Kabla ya kugusa, muulize mkeo.*

Ilikuwa saa nne na nusu. Sikuwa na haja ya kungoja alfajiri, Nyapara unaweza kumwamsha. Nikamwamsha. Akapita Lushoto, sawa. Akapita Gare, sawa. Mtae: *haifikiki*.

Nikapiga simu. "Sefania, mtandao?"

"Ukungu umeshuka. Hata Rashidi simwoni, namsikia tu."

"Modemu iko wapi?"

"Mezani, inawaka jicho jekundu."

"Itoe nje."

"Nje wapi?"

"Juu! Popote palipo juu!"

Nikasikia viti vinasogezwa, nikasikia Sefania anaomba ufagio, nikasikia kamba. Baadaye niliambiwa kwamba aliifunga modemu kwenye mpini wa ufagio mrefu, waya ukiwa umevutwa kutoka mezani, akautoa dirishani, akasimama kwenye benchi akiuinua kama mtu anayebeba msalaba wa maandamano. Watu wakakusanyika. Mtu akamuuliza anavua nini.

Saa tano. *Haifikiki.* Saa tano na robo. *Haifikiki.* Mkono wa Sefania ukachoka, akapokezana na mwadhini, ambaye alikuja kuuliza habari za Maulidi akapewa ufagio. Saa tano na dakika arobaini nikamwamsha Nyapara mara ya saba, na safari hii akasita, akasita, kisha akaandika: *Mtae: mambo mawili yamebadilishwa.*

"Chapisha!" nikapiga kelele. "Sefania, chapisha sasa hivi!"

Nikasikia ile printa yao kongwe inalia kama mbuzi. Kisha Sefania, kwa sauti ya kusoma somo kanisani:

"Orodha ya Alhamisi. Nafasi ya kwanza. Zainabu, matenga kumi na mawili."

Saa sita ikafika orodha ikafungwa. Ile tik tik ya nyuma ikanyamaza.

Alhamisi nilipanda na lori mpaka Mtae. Hakuna aliyenituma. Kuna pole za kusema kwa simu na kuna za kupeleka kwa mgongo, na njia ya Mtae inakulipisha kila kona.

Tulipofika yeye alishafika. Alikuwa amesimama mzanini na kanga mpya, matenga kumi na mawili nyuma yake, mekundu mpaka macho yanawasha. Kama hujawahi kuona mtu aliyekaa ndani miezi minne akisimama juani, hujui jua ni kitu gani. Alikuwa anatazama huku na huku, kila kitu, hata kuku.

Sefania, ambaye ni jirani yake tangu utoto, akavaa miwani akauliza: "Jina?"

"We Sefania, hunijui?"

"Mzani haujui mtu. Jina?"

Akalitaja. Matenga yakapanda moja moja, yakashuka, yakaandikwa. Ikabaki sahihi. Sefania akapapasa mfukoni, akapapasa mezani, akainua uso.

"Kalamu yangu imekauka. Shemeji Rashidi, si una kalamu?"

Rashidi alikuwa pale pembeni, anaegemea nguzo. Watu wote wakamgeukia. Akasita, kisha akacheka mwenyewe, na hapo nilimpenda kidogo. Akaitoa kalamu mfukoni, akaibonyeza mara moja, akampa shemeji yake kwa mikono miwili.

Bi Zainabu akaandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na baba yangu. Kadi akairudisha kifuani. Kalamu nayo akaibonyeza, akaisikiliza, akaibonyeza tena.

"Inalia vizuri," akasema, akamrudishia.

Kisha akanigeukia mimi. Nikaanza: "Bi Zainabu, nimekuja kukuomba..."

"Umekula?"

"Bado."

Akafunua kikapu, akatoa sahani iliyofunikwa na nyingine. Maharage, ya nazi, bado yana moto, na kipande cha mkate wa kumimina pembeni.

"Ya makopo," akasema. "Yote matano nimeyapika asubuhi. Siku mia na ishirini na nane. Hesabu, wewe mtu wa hesabu."

Sefania akaangua kicheko mpaka mzani ukatikisika. Nikakaa juu ya tenga tupu, nikanawa, nikala bila kuhesabu.